Neno la Mwisho la Mstari

Jumamosi tarehe 30 Novemba 2019, yapata saa tatu na nusu asubuhi, mvua ilianza kupiga mabati ya nyumba ya shangazi kule Kawangware, Nairobi. Nilikuwa nimesharekodi monolojia moja, yaani maneno marefu ya mhusika mmoja wa tamthilia, ya pili bado. Mwalimu wangu wa drama alivua visikizi, akasema, "Tungoje. Simu haitakusikia." Vuli ya mwaka ule ilikuwa kubwa mno, na maikrofoni ya simu hujirekebisha yenyewe: kelele ikipanda, hushusha kila kitu, na sauti ya msemaji ikiwemo. Rekodi ya namna hiyo ni vigumu kwa fundi kuiokoa.

Nilikuwa naomba nafasi katika shule ya uigizaji Marekani. Shule nyingi za kule zenye nafasi chache huanza kwa mchujo wa video. Niliyoiomba ilitaka monolojia mbili zenye tabia tofauti, moja ya kisasa na moja ya ushairi wa Shakespeare, kila moja isizidi dakika moja na nusu, bila kukata wala kuunganisha. Anayepita huitwa mbele ya wasaili, na shule nyingi hukutana New York, Chicago na Los Angeles kufanya usaili huo kuanzia mwishoni mwa Januari. Kipande cha kisasa kilipaswa kutoka kwenye tamthilia iliyochapishwa. Cha filamu, au ulichojitungia mwenyewe, hawakukitaka. Tena uchague mhusika wa rika lako. Kijana wa miaka 18 anayeigiza mzee aliyefiwa na mke humlazimu msaili kutazama uzee wa kuiga, naye alitaka kumwona kijana.

Kipande hicho cha kisasa ndicho kilichonitesa wiki mbili. Nilikuwa mtoto wa tamasha za drama za shule, zile zilizoanza 1959, na kule unafunzwa kumfikia aliyeketi safu ya mwisho ukumbini. Simu ilikuwa mita moja na nusu kutoka usoni kwangu. Sauti ileile ikageuka makelele, mikono ikawa inatoka nje ya picha. Mwalimu hakuniambia nipunguze sauti, na hadi leo naamini alifanya vyema, maana mwigizaji anayepunguza sauti tu hupunguza na nia. Aliniambia, "Yule wa safu ya mwisho mlete hapa mezani, useme naye." Akabandika kipande cha selotepu kando ya lenzi, upana wa kiganja, kwenye usawa wa macho yangu. Huyo ndiye niliyesema naye. Ukiitazama lenzi yenyewe, msaili hujikuta ndiye anayegombezwa.

Simu tuliilaza kwa upana juu ya sufuria mbili zilizofunikwa, picha ikaanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Nyuma yangu shuka la bluu lililopigwa pasi, dirisha mbele yangu kwa pembeni, blanketi mbili ukutani kuua mwangwi, friji imezimwa.

Sasa mvua ile. Tukingoja ikatike, tulishughulikia kipande kilichobaki, cha Shakespeare. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili, na vina hukuonyesha mahali pa kupumulia. Mstari wa Shakespeare kwa kawaida una silabi kumi zenye mapigo matano, dhaifu kisha nzito, na mara nyingi hauna kina. Uzito wa maana mara nyingi hukaa kwenye neno la mwisho. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha sauti ikashuka. Nilikuwa nasoma Kiingereza kile kwa mazoea hayo, kila mstari ukianza vizuri na kufia mlangoni. Msaili akisikia hivyo hudhani hujui unachokisema.

Mwalimu akaingia jikoni, akatoka na mtungi mtupu wa lita 20. "Kila mwisho wa mstari, upige teke. Usiwahi, usichelewe." Mistari yangu ilikuwa ishirini. Raundi ya kwanza mguu ulifika kabla ya neno, kwa sababu pumzi ilikuwa imekwisha silabi ya saba. Ya pili nikavuta pumzi pale wazo linapobadilika, si pale mstari unapokatika, na neno likafika pamoja na mguu. Baada ya raundi ya tano aliuondoa mtungi. "Sasa usipige. Usikie tu."

Mvua ilikatika saa saba. Wingu zito lilikuwa limetuachia nuru laini isiyotia kivuli chini ya macho, ila lilikuwa likisogea, na simu ikawa inang'aa na kufifia katikati ya maneno. Mwalimu alibonyeza uso wangu kwenye kioo cha simu na kushikilia hadi mwanga ukajifunga. Tulirekodi mara sita. Alichagua ya nne, ingawa honi ya bodaboda ilisikika kwenye mstari wa kumi na moja. Ya sita ilikuwa safi lakini nilikuwa nimeanza kujisikiliza.

Mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita kasoro dakika moja usiku wa tarehe 1 Desemba, saa za New York. Baada ya wao kurudisha saa nyuma mwezi Novemba, tunawatangulia kwa saa nane, kwa hiyo kwetu ilikuwa Jumatatu saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Hatukungoja. Jumapili jioni tulikwenda saiba, duka la intaneti, na faili mbili, takriban megabaiti 130 kwa kila dakika. Ya pili ilikatika njiani mara moja, tukaanza upya. Ukurasa ulipoandika kwamba imepokelewa, niliinuka. Mwalimu alinishika mkono nikae. Faili lililokatika laweza kuonekana limefika, akasema, akalifungua palepale kwenye ukurasa wa maombi, akanipa kisikizi kimoja, cha pili akavaa yeye, tukasikiliza mstari kwa mstari hadi neno la mwisho.