Tulivyobadilisha wanachokula watoto wa timu yetu

Mimi ni kocha wa kujitolea wa timu ya watoto wa shule ya msingi hapa Makorora, Tanga. Makocha wenzangu wa mitaani huniuliza tulifanyaje mpaka watoto wakaacha juisi za rangi na kuyapenda machungwa.

Mimi sikuanza na matunda, nilianza na njaa. Tulikuwa na beki mmoja hodari ambaye kila mazoezi yakifika nusu alichuchumaa pembeni. Nikamwita kando, nikamuuliza amekula nini.

"Chai, kocha."

"Ya saa ngapi?"

"Ya asubuhi."

Nikawauliza na wenzake, mmoja mmoja, maana mtoto hatakiri mbele za watu kwamba kwao mchana hakukupikwa. Wengi walikuwa wanakuja mazoezini saa kumi jioni na andazi la asubuhi tumboni. Ambao wazazi wao wanachangia chakula cha shule walikuwa na afadhali. Wengine shilingi 200 zao zilishaishia kwenye ubuyu wakati wa mapumziko. Mtoto wa hivi ukimwambia "usile hiki" bila kumpa cha kula, unamwonea.

Tukawaita wazazi. Sikuomba pesa, niliomba unga: ulezi, mahindi, karanga, kila mtu alichonacho. Mama mmoja anayeishi jirani na uwanja akakubali kupika, na watoto huja na vikombe vyao saa tisa ili uji ushuke kabla ya kukimbia. Kikombe kimoja kinatosha. Sukari tunaweka kidogo, utamu unatoka kwenye ndizi mbivu zilizopondwa. Karanga na mahindi tunachambua punje kwa punje, yenye ukungu tunatupa bila huruma. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haina mchezo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mtihani mkubwa ulikuwa nje ya uwanja. Chini ya mwarobaini kuna mama anayeuza mihogo ya kukaanga, krispi na juisi za rangi zilizogandishwa. Baadhi ya wazazi walitaka aondolewe. Nilikataa katakata. Nilimfuata asubuhi kabla hajawasha jiko, nikamwamkia, nikakaa.

"Mwanangu, mtaji wangu ndio huu," alisema. "Watoto wakisusa, nitarudi nyumbani na nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukapatana hivi: mihogo ibaki, ila mingine aichemshe na kuiuza na kachumbari; siku za mazoezi juisi za rangi zisiwepo, mahali pake auze machungwa, na timu iyanunue yatakayobaki mpaka biashara ikae sawa. Tanga machungwa si kitu cha kutafuta, Muheza yanakolimwa iko hapo tu. Anayamenya kwa kisu kidogo, ganda likitoka utepe mmoja mrefu, anakata kifuniko juu, anayapanga kwenye sinia. Mtoto anatoka uwanjani bado anahema, analidaka, analikamua mdomoni mpaka maji yanamtiririka kwenye viwiko. Baada ya muda hatukuwa na ya kununua, yalikuwa yanaisha.

Tulisaidiwa sana na vijana wa timu ya wakubwa. Mtaa huu unapenda mpira, wazee bado wanasimulia ubingwa wa Coastal Union wa 1988, na mtoto akimwona mshambuliaji anayemhusudu ananyonya chungwa baada ya mechi, hotuba yangu haina kazi tena. Watoto niliwaeleza machache tu: chungwa moja linaweza kumtosheleza mtoto vitamini C ya siku nzima, na vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, wakati chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Siku nyingine tulisoma lebo ya soda. Chupa ya mililita 350 ilikuwa na sukari ya karibu gramu 37. Msichana mmoja akaipima kwa kijiko cha chai juu ya gazeti. Kijiko cha nne wakaanza kuguna, cha tisa wakasogea wote kuangalia.

Ramadhani hatupiki uji, kwani wengi wanafunga. Mazoezi yanakuwa mepesi, karibu na magharibi, kisha kila mmoja anakwenda kufuturu kwao. Wazazi nimewaomba jambo moja tu, daku lisiwe chai tupu.

Machungwa yakipungua sokoni, mama wa mihogo huleta maembe au papai. Papai lilitusumbua, watoto walilikwepa, mpaka alipoanza kulikata vipande na kulikamulia ndimu. Tunachotafuta sasa ni ndoo ya pili yenye koki ya kunawia mikono. Iliyopo ni moja, foleni inakuwa ndefu, na wengine wanaipita wakakimbilia sinia.