Rangi za chombo cha angani kwenye mpini wa titani
Wapenzi wa visu vya kukunja mnaopenda pia hadithi za sayansi: rangi ile ya chombo cha angani hutokana na unene wa tabaka la oksaidi (titani iliyoungana na oksijeni) linalokuzwa juu ya mpini kwa umeme ndani ya maji, si rangi ya kopo. Fungua skrubu, toa bapa na kila chuma; chuma kisicho titani kikizama kwenye maji hayo huliwa na kuiba umeme. Safisha mpini kwa asetoni, maana alama ya kidole huacha doa. Maji lita moja, kijiko cha bikaboneti ya soda. Zamisha mpini ukiwa kwenye waya chanya, na kipande kingine cha titani kwenye waya hasi, visigusane. Umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu): takriban volti 20 zambarau, 28 buluu, 55 dhahabu. Pandisha volti polepole, ukipitiliza rangi hairudi bila kusugua upya. Glavu za mpira lazima. Kijani, volti 90 na zaidi, ni kisirani.