Siku tuliyofungua boksi la ukuta wa ngazi

Ukuta ulikuwa wa ngazi, urefu mita 6 na kimo mita 3, kwenye shule ya sekondari mkoani Tanga. Msanifu alitaka mawimbi na pembe zitoke kwenye zege lenyewe, zisiwe urembo wa plasta. Mhasibu wa mradi akauliza faida yake. Akatajiwa mawingu ya mchongaji wa Marekani, Alexander Calder, ya mwaka 1953 kwenye ukumbi wa Aula Magna, chuo kikuu cha Caracas: ni sanamu, na papo hapo yanarekebisha sauti ya ukumbi. Mawimbi yetu yangepunguza mwangwi wa ngazi tu, lakini mhasibu alinyamaza.

Maumbo tuliyakata kwenye foamu ngumu nyeupe, ile ya kufungashia televisheni, tukayabandika kinyume ndani ya boksi, yaani mbao zinazoshika zege hadi ligande: panapotakiwa bonde, pakae kinundu. Ukuta sm 20, bonde lenye kina kikubwa kabisa sm 5. Nondo tukazipa kinga (zege linalozifunika) ya mm 40 kuanzia chini ya bonde, si kuanzia uso wa ukuta; wengi hukosea hapo, na upepo wa chumvi hausamehe. Zege 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto), kokoto za mm 10, kwa kuwa za mm 20 hukwama konani na kuacha matundu. Tulimwaga tabaka za sm 40, vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikane, ikikaa mbali na foamu.

Siku ya tatu tukafungua. Kushoto, safi. Kulia foamu ikagoma. Kingo zake zilikatwa wima, nyingine zikiingia ndani, na selotepu tuliyoifungia ilikuwa imechanika. Kingo kama hizo zinatakiwa zilale nje walau nyuzi 10. Tukagonga nyundo kwa pupa, kona tatu zikakatika.

Kijana mmoja akasema tumwagie petroli. Kweli huyeyusha foamu, lakini ule ute hugandia kwenye vitundu vya zege, tena mbao kavu zote zilikuwa pale pale. Tukaichokonoa kwa kisu na brashi ya waya, siku nzima.

Madoa meusi ya chini ni ya oili chafu iliyopakwa mbaoni. Hayajatoka.

Kona mbili za juu tuliziacha zilivyo, kwa sababu kiraka cha zege hakifanani rangi na la zamani hata ukitumia mchanga ule ule. Ya tatu ilikuwa usawa wa kichwa cha mwanafunzi anayeshuka mbio. Hiyo tuliisaga ikawa mviringo.