Antivairasi kwenye simu: kabla hujamaliza bando, soma hapa

Kwa mwenye haraka: kama simu yako ni ya Android, ina Play Store, na apu zako zote zimetoka humo, huhitaji antivairasi, yaani apu ya kukamata virusi na apu hatari. Mwenye iPhone asijisumbue kabisa, maana kule apu haziruhusiwi hata kukagua apu nyingine. Ila swali la kama simu inahitaji antivairasi linaulizwa sana huku kusini mwa Tanzania, hasa pesa za korosho zinapoingia benki na watu wa Tandahimba, Newala na Masasi wakabadilisha simu, kwa hiyo linastahili jibu refu.

Antivairasi ya kompyuta huruhusiwa kupekua karibu kila faili. Android haikujengwa hivyo. Kila apu imefungiwa chumba chake, na antivairasi ni mpangaji kama wengine, haina ufunguo wa vyumba vya wenzake. Inaweza kukagua apu zilizomo kwenye simu na mafaili ya hifadhi ya wazi, kama yale uliyopakua. Basi. Ikikuta apu mbaya, haiifuti yenyewe kimyakimya. Inakuletea kitufe, unabonyeza wewe.

Kazi hiyo Play Protect ya Google inaifanya bure tangu 2017, na imo tayari kwenye simu. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Play Protect, bonyeza kitufe cha kuchanganua. Alama ya gia iliyo juu inakupeleka penye swichi zake, ziwashe. Ukikuta zimezimwa na hukuzizima wewe, fikiria ni nani amewahi kukuwekea apu kwenye simu hiyo. Mara nyingi kuna apu ambayo Play Protect iliikataa, mtu akaona njia rahisi ni kumzima mlinzi.

Zile antivairasi zenyewe nazo si za kuamini kwa jina tu. Mwaka 2014 kulikuwa na moja iliyoitwa Virus Shield, ikiuzwa dola 3.99, ikapanda hadi kileleni mwa apu za kulipia kwenye Play Store. Kilichokuwemo ndani ni picha ya ngao: ukiigusa, alama ya X inageuka kuwa tiki. Hakuna kingine ilichofanya. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilipima antivairasi 250 za Android, na ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 ya apu hatari bila kusingizia apu safi. Baadhi zilikuwa zinaangalia jina la apu tu, kiasi kwamba zilijitaja zenyewe kuwa ni hatari, kwa sababu mtengenezaji alisahau kujiweka kwenye orodha ya wema. Sasa weka kitu cha namna hiyo kwenye simu ya RAM ya GB 2, kila saa kinaleta taarifa na matangazo, halafu ushangae simu kuganda.

Hatari yenyewe inaingia kwa mlango mmoja mkubwa: faili la APK, yaani faili la kusakinishia apu bila kupitia Play Store. Linarushwa kwa Xender (apu ya kurushiana mafaili), linatumwa kwenye magrupu ya Telegram, au fundi analo kwenye kompyuta yake. Linaloongoza ni WhatsApp za kuongezwa manjonjo, GB na ndugu zake. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilikuta toleo la 16.80.0 la FMWhatsApp, mojawapo ya ndugu hao, limebeba kirusi kinachoitwa Triada, kilichoingia pamoja na kipande cha programu cha kuleta matangazo. Apu hiyo ilikuwa imepewa ruhusa ya kusoma SMS, kwa hiyo na kirusi kilizisoma, na kiliweza kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Salio likikatwa ovyo, anza kutazama hapo.

Ziba mlango huo. Kuanzia Android 8, ruhusa ya kusakinisha apu za nje inatolewa kwa kila apu peke yake. Ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, uone nani ameruhusiwa: Chrome, Xender, WhatsApp. Zima zote. Ukilazimika kupokea APK, ipandishe kwanza kwenye tovuti ya VirusTotal. Inalipitisha faili kwenye antivairasi kadhaa kwa mpigo. Bando litaliwa kidogo, lakini ni afadhali.

Ukurasa unaofunguka ghafla na kuandika "simu yako ina virusi 13", ukataja hadi aina ya simu yako, ni tangazo. Hakuna tovuti inayoweza kukagua simu. Aina ya simu huipata kwa kuuliza kivinjari. Funga ukurasa, usibonyeze chochote ndani yake. Kama taarifa hizo zinakuja hata Chrome ikiwa imefungwa, uliwahi kuiruhusu tovuti fulani kukutumia arifa. Gusa vidoti vitatu vya Chrome, Mipangilio, kisha Arifa, ufute kila tovuti usiyoijua.

Matangazo yanayojaza kioo chote ni jambo jingine: yanatoka kwenye apu iliyomo. Tangazo likitokea tu, bonyeza kitufe cha apu za karibuni, utaona alama ya apu iliyolileta. Iondoe. Kitufe cha kuondoa kikiwa kimefifia, huenda apu imepewa usimamizi wa simu: nenda kwenye sehemu ya usalama, fungua orodha ya programu za usimamizi wa kifaa, itoe humo kwanza. Ikigoma, washa simu katika hali salama kwa kushikilia neno la kuzima simu pale kwenye kioo, kisha kubali. Hapo apu ulizoongeza hazifanyi kazi, na utaifuta bila upinzani. Pitia pia sehemu ya Ufikivu (Accessibility) kwenye Mipangilio. Apu ya tochi au ya kusafisha simu haina sababu yoyote ya kuwemo humo, maana mwenye ruhusa hiyo anasoma kioo na kubonyeza kwa niaba yako.

Njia ya mwisho ni kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Hapa wengi wanaumia, na si kwa kirusi. Dukani kijana alikufungulia akaunti ya Google, akaandika nywila anayoijua yeye, nawe hukuiuliza. Simu ikishafutwa inaweza kudai akaunti ileile, na bila nywila inabaki imefungwa. Hakikisha unaijua kabla ya kufuta. Kama matangazo yanarudi hata baada ya kufuta, kirusi kimekaa ndani ya mfumo wenyewe. Hapo hakuna antivairasi itakayokitoa. Ni kuflashi, yaani kuuandika upya mfumo wa simu, kwa mfumo halisi wa mtengenezaji.

Nani basi anaihitaji? Fundi anayepokea APK za watu kutwa nzima, na mwenye simu ambayo tarehe ya sasisho lake la usalama ni ya miaka mingi nyuma (iko chini ya Kuhusu simu, kwenye toleo la Android). Huyo achukue ESET au Bitdefender, moja tu, kutoka Play Store.

Ila wizi unaowaumiza watu wetu hauhitaji kirusi. Apu za mikopo huomba ruhusa ya majina ya kwenye simu, unakubali, halafu ukichelewa kulipa wanamtumia ujumbe shemeji yako na mwenyekiti wa mtaa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na apu 69 zinazokopesha bila leseni. Antivairasi haitakuonya, kwa kuwa ruhusa umeitoa mwenyewe. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unafika hata kwenye simu ya kitochi. Usimjibu aliyeutuma, peleka namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha piga *106# kwenye kila mtandao uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.