Thargelios wa Phalakros

Kazi yangu ni kulipa vibarua. Kila Jumamosi saa nane mchana nakaa saiti kwenye meza ya mbao, daftari mbele yangu na wino wa dole gumba pembeni, mafundi wanasukumana kwenye foleni kama watoto wa shule. Mwaka wa tisa huu. Ndiyo maana mdogo wangu aliponitembeza Athens, anakoishi, sikuganda kwenye Parthenon kama watu wengine. Niliganda kwenye makumbusho ya maandishi, mtaa wa Tositsa, mbele ya mawe yaliyojaa herufi tupu.

Lilikuwa daftari la malipo, bwana! Limechongwa kwenye marumaru, lakini ni daftari. Hesabu za ujenzi wa Erechtheion, lile hekalu la kilimani Akropoli lenye wasichana sita wa mawe waliobeba paa kichwani, kati ya mwaka 409 na 406 KK. Herufi zimepangwa safu zilizonyooka, neno na neno hakuna nafasi. Kigiriki sijui, ila mdogo wangu alinionyesha namba: Δ ni kumi, kijiti kilichosimama ni oboli moja, sarafu yao ndogo, na oboli 6 ni drakma. Baada ya hapo hakuweza kunitoa.

Fundi alilipwa drakma moja kwa siku. Msanifu wa jengo naye drakma moja kwa siku. (Hilo sitalisema saiti kwetu, injinia akisikia atanifukuza.) Wachonga sanamu walilipwa kwa kipande: Phyromachos wa Kephisia alichonga kijana mmoja aliyesimama karibu na deraya, akapewa drakma 60.

Kisha tukafika kwa waliochonga mifereji ya nguzo. Kwenye nguzo moja walikuwa watano: Phalakros wa Paiania, Philostratos wa Paiania, Thargelios wa Phalakros, Philourgos wa Phalakros, Gerys wa Phalakros. Malipo yao sawa. Nikasema, kumbe mzee kaja kazini na wanawe watatu!

Mdogo wangu akacheka. Paiania ni kitongoji, akaniambia; raia wa Athens aliandikwa kwa kitongoji alichosajiliwa. Phalakros ni mtu. Wale watatu ni watumwa wake.

Sisi tuna "wa" moja tu. Juma wa Hamisi ni mtoto wa Hamisi, Juma wa Tandale ni mtu wa Tandale, na hakuna anayekosa usingizi. Kwa Kigiriki mwandishi wa jiwe lile alitenganisha, na kila aliyesoma alijua nani ni mtu wa mahali na nani ni mali ya mtu. Halafu wapo wa tatu, kama Simias, ambaye hakuandikwa "wa" bali "anayeishi Alopeke". Huyo ni mgeni mkaazi. Angeweza kuzaliwa Athens na kuzeekea Athens, bado ni anayeishi. Kila mwaka alilipa kodi ya kichwa drakma 12, yaani siku kumi na mbili za kupiga patasi, na ardhi hakuruhusiwa kumiliki. Ila watumwa aliruhusiwa, na Simias alikuja nao kazini.

Katika mafundi wale, 86 wanajulikana hali zao: raia 24, wageni wakaazi 42, watumwa 20. Ukiwakuta juu ya jukwaa usingewatofautisha. Mwathene mmoja wa tabaka la juu alilalamika kwamba huwezi hata kumpiga mtumwa barabarani, kwa kuwa mavazi ya raia wa kawaida hayana nafuu kuliko ya mtumwa, unaweza ukampiga raia mwenzio. Hilo ndilo lililomkera!

Sasa drakma ya Thargelios ilikwenda wapi? Kisheria, kwa Phalakros. Wapo mabwana waliowaachia watumwa wenye ufundi wakae kivyao na kuleta hesabu, kama dereva wa bodaboda anavyompelekea tajiri wake, kinachobaki ni chao. Wa migodini hawakuwa na bahati hiyo. Nikias, mmoja wa matajiri wakubwa wa Athens, alimkodishia Sosias wa Thrakia watu 1,000 wa kuchimba fedha, oboli moja kwa kichwa kwa siku. Nilipiga hesabu kwenye simu: drakma 166 na oboli 4 kila siku, na mkataba ulimtaka Sosias idadi isipungue. Akifa mmoja, anatafutwa mwingine.

Na lile "wa" la kitongoji lilikuwa linafutika. Miaka sitini hivi baadaye, Euxitheos wa Halimous alifutwa kwenye orodha ya kitongoji chake. Moja ya sababu walizomtupia: mama yake aliuza utepe sokoni na aliwahi kunyonyesha mtoto wa watu kwa malipo, kwa hiyo hawezi kuwa raia. Akakata rufaa mahakamani, na aliyeshindwa rufaa ya namna hiyo aliuzwa utumwani. Utepe tu.

Nikiwa mgeni kazini, fundi mmoja aliniambia vijana wake watatu wamekwenda kunywa chai, akasaini kwa niaba yao, nikampa pesa za wote wanne. Jumatatu asubuhi vijana walikuwa mlangoni kwangu, mmoja analia kabisa. Nililipa kutoka mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo kila mtu aje na dole lake.

Kabla hatujatoka nikamuuliza mdogo wangu safu ya sahihi iko wapi. Akasoma tena, akafuata mistari kwa kidole bila kugusa. Hakuna. Majina, kazi, kiasi, basi.