Maharage Yaliyotoa Povu

Dumu lilifika Jumanne jioni juu ya keria ya daladala kutoka Simbo. Lita 20 za mawese, mdomo umezibwa kwa nailoni na kukazwa kwa mpira wa tairi. Konda alidai elfu moja ya mzigo, na kabla sijamaliza kuhesabu sarafu harufu ilikuwa imeshanifikia.

Sisi tuliokulia Kigoma hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha mawese. Unakua tu ukijua. Yale mazuri yananukia tunda, na yakitulia yanaganda chini mazito kama uji, juu yanabaki mekundu unaweza kujiona. Haya yalinuka uchachu, kama pombe ya ndizi iliyosahaulika nyuma ya mlango. Nilichovya kidole nikalamba. Ulimini yalipita vizuri tu. Kooni ndipo yalipokwangua.

Nikampigia shangazi. "Yamefika?" Yamefika, shangazi, ahsante sana. "Ni mazuri?" Nikasema mazuri.

Uongo huo umenigharimu miezi miwili.

Kumwaga sikuweza. Anayejua kazi ya mawese hamwagi. Mtu anapanda juu ya mchikichi na panga, mikungu inashushwa, inafunikwa siku kadhaa ili chikichi ziachie, zinachambuliwa moja moja katikati ya miiba, zinachemshwa kwenye pipa, zinakamuliwa, mafuta yanachemshwa tena yatengane na maji. Shangazi anakaribia miaka 70. Kumwaga dumu lile shimoni ingekuwa kama kummwaga yeye.

Basi nikaanza kuyatibu. Nilikaangia kitunguu kizima mpaka kikawa mkaa. Harufu ilipungua, koo likaendelea kuwaka. Nikayachemsha na maji na chumvi ya Uvinza, nikaacha yapande juu, nikayaengua. Yalitoka masafi kwa macho, ladha ile ile. Mume wangu alikula samaki wa siku hiyo, migebuka, bila kusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza mbele ya migebuka.

Wiki ya pili nilipika maharage. Yalikuwa makuukuu, magumu, nikatia magadi kidogo yalainike, kama mama alivyokuwa akifanya. Yalipoiva nikaunga kwa mawese yale yale, nikijiambia kwamba nazi itaficha. Sufuria likaanza kutoa povu. Povu jeupe, laini, linapanda hadi mdomoni. Nikaonja: sabuni. Mtoto wetu wa mwisho alitangaza mtaa mzima kwamba mama kapika maharage ya kufulia.

Tulilala na chai na mihogo. Ila nilipokuwa nasugua sufuria lile usiku, sikuhitaji sabuni nyingine.

Hapo ndipo nilipokaa nikawaza. Ndani ya nyama ya chikichi kuna kimeng'enya, na tunda likishapondeka au likilala muda mrefu, kinaanza kuyavunja mafuta na kuachia asidi. Kinachokiua ni kuchemsha. Kwa hiyo ubora wa mawese unaamuliwa na siku zinazopita kati ya panga na pipa; mekoni unakuwa umeshachelewa. Kwenye biashara ya kimataifa mawese ghafi hutakiwa kuwa na asidi huru isiyozidi asilimia 5. Ya shangazi sikuyapima, koo lilinitosha. Asidi ile haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana kuosha kwangu kote na chumvi kulikuwa kazi bure. Lakini ikikutana na magadi inageuka sabuni palepale. Maharage yangu yalikuwa yananieleza jambo na mimi nikayamwaga kwa hasira.

Wanaopika sabuni hapa kwetu ni wengi, si siri ya mtu. Jirani yangu wa nyuma aliwahi kuifanya kazi hiyo. Nilipomwambia alinicheka kwanza, kisha akaniambia mawese matupu hutoa sabuni ngumu yenye povu la uchoyo. Niongeze mafuta ya mise, yale ya kokwa, ndiyo yanayoleta povu. Tukapanga: kilo 3 za mawese, kilo 1 ya mise, gramu 570 za kostiki (ile soda kali ya kupikia sabuni), maji lita moja na nusu. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji polepole, usigeuze, maana ukigeuza inaruka usoni. Glavu, dirisha wazi, watoto nje.

Nilifuata yote isipokuwa moja. Ndoo ya plastiki ilikuwa na nguo, nikaona sufuria la alumini litafaa. Halikufaa. Kostiki inakula alumini. Ilichemka bila moto, ikafuka, maji yakawa ya kijivu. Nilikimbilia uani na kanga puani. Sufuria lile sasa ninapandia kitunguu cha majani.

Mara ya pili nilitumia ndoo. Jirani alikuwa ameniambia nikoroge kama nusu saa mpaka uzito uwe wa uji wa mtoto. Nilikoroga mara chache tu, mchanganyiko ukakaza ghafla, mwiko ukasimama wenyewe. Nikadhani nimeharibu tena. Kumbe asidi huru haisubiri kama mafuta mazima. Ikigusa kostiki inashika hapohapo. Yaani ule ubovu ulioshindikana kwenye migebuka ndio uliokuwa unaikimbiza sabuni. Niliupakua kwa mikono yenye glavu kama mtu anayefinyanga ugali wa muhogo, nikaubana ndani ya boksi lililotandikwa nailoni. Kesho yake nikakata vipande. Vilikuwa vya rangi ya chungwa, vibaya kwa umbo, kila kimoja na kimo chake. Nikavipanga juu ya kabati wiki tano vikauke na ukali uishe. Vilivyokuwa karibu na dirisha vilipauka, vya nyuma vikabaki na rangi.

Mafuta yaliyobaki yalikwenda kidogo kidogo: bawaba za geti, mpini wa jembe, utambi wa pamba kwenye kisahani umeme ulipokatika (moshi mwingi, mwanga wa huruma). Mtu mmoja alinishauri niwauzie wakaanga mihogo wa barabarani, "wao wanatia pilipili, nani atajua". Hapana. Nilichokataa kumlisha mwanangu siwezi kumuuzia wa mwenzangu.

Shangazi alikuja mjini wiki iliyopita kwa ajili ya magoti yake. Nilimwekea maji ya kuoga na kipande cha sabuni kwenye kisahani. Alikaa bafuni muda mrefu. Alitoka amekishika mkononi, anakigeuza, ananusa.

"Hii umeipika wewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa yale yangu."

Nikatazama chini.

"Mwanangu, mimi nimekamua mawese kabla baba yako hajaoa. Unadhani sikuyaonja kabla ya kufunga dumu?" Akaketi kwenye mkeka kwa shida, mguu mmoja kwanza. "Zililala siku tisa. Kijana wa kuchambua hakuja, na mimi nikichuchumaa siinuki. Nilisema nitume hivyo hivyo, mwenyewe utajua la kufanya. Halafu ukaniambia ni mazuri. Nikasema basi, huyu mjini kumemharibu ulimi."

Tulicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni. Lakini sikuacha kuisikia ile ya siku tisa. Peke yake na rundo lile, akilitazama linachacha.

Ameondoka leo asubuhi na vipande sita ndani ya kikapu. Kabla daladala haijaondoka alitoa kichwa dirishani: mikungu inayofuata inashushwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ifikapo Jumanne zitakuwa zimeachia. Nimeomba ruhusa kazini Jumanne na Jumatano. Jirani anasema nibebe glavu nene, miiba ya chikichi haina undugu.