Usiku Walipoizima Ratcliffe

Jioni ya Jumatatu, tarehe 30 Septemba 2024, nilikuwa nimeketi na mjomba wangu barazani kwake Mikindani, kando ya barabara ambayo malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma huipita yakielekea bandari ya Mtwara. Redio ikatangaza kwamba usiku ule Uingereza ingeizima Ratcliffe-on-Soar, kituo chake cha mwisho cha kufua umeme kwa makaa ya mawe. Mjomba aliongeza sauti, akaweka kikombe chini.

Alikuwa fundi wa jenereta za dizeli, enzi ambazo gesi ya Mnazi Bay, japo iligunduliwa mwaka 1982, ilikuwa bado haijaanza kuendesha mitambo ya mji wetu. Nilipomwonyesha picha ya kituo kwenye simu, nikasema minara ile minane minene inatoa moshi wa kutisha, alicheka hadi akakohoa.

“Huo si moshi, mjomba, ni mvuke,” alisema, akanyoosha kidole kwenye birika lililokuwa likifuka jikoni. Alinieleza kwamba makaa husagwa yakawa laini kama unga, yakapulizwa tanuruni, yakachemsha maji ya kwenye mabomba. Mvuke wake huzungusha turbini, turbini ikazungusha jenereta, na minara kazi yake ni kupoza maji tu. Moshi wenyewe hupita katika dohani moja ndefu, ambayo pichani mimi sikuwa hata nimeitazama.

Niliendelea kusoma: kituo kilianza kazi mwaka 1968, kikiwa na mitambo minne yenye jumla ya megawati 2,000, na Waingereza walikuwa wakifua umeme wa makaa tangu mwaka 1882, walipofungua kituo cha Holborn Viaduct jijini London. Sababu ya kufunga, yaani hewa ya ukaa, hakuijadili sana. Kilichomshika ni treni ya mwisho iliyopeleka makaa pale mwezi Juni, tani 1,650. Akapiga hesabu kwa vidole: lori moja likibeba tani 30, hayo ni malori 55.

Basi tukaanza kuhesabu. Kila lori lilipopunguza mwendo kwenye tuta, mjomba alitaja namba kwa sauti, kama mpokea mzigo gatini. Kwenye la kumi na moja turubai lilikuwa limelegea, bonge moja likadondoka na kubiringika hadi mtaroni. Mjomba alilifuata kwa tochi, akalifuta kwa kanga kuukuu, akaligeuzageuza. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, na upande uliovunjika uling’aa kama lami mbichi.

Asubuhi aliliweka kwenye jiko la mkaa achemshie chai. Lilikawia kushika, na liliposhika lilitoa harufu kali hivi kwamba mkewe alilibeba kwa koleo, akalizika mchangani nyuma ya nyumba, wala chai hatukuinywa mpaka saa nne.